Kuzunguka Ziwa Victoria kwa basi, nchi 4 kwa siku 12: mwongozo kwa anayeanza

Wakuu, kila nikiweka picha za ziwa Bunyonyi au mji wa Jinja kule Uganda naulizwa yale yale: visa je, hela nabadilishia wapi, Kiswahili kinafika mpaka wapi, na eti sitaibiwa? Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwaiyo leo naandika yote hapa, anayeuliza tena namtumia hii.

Njia yenyewe ni hivi: unatoka Mwanza, unapanda Musoma na Sirari, unaingia Kenya mpaka Kisumu, unavuka Busia kwenda Jinja na Kampala, unashuka Kabale, unaingia Kigali, alafu unarudi Tanzania kwa Rusumo mpaka Mwanza tena. Rwanda yenyewe haigusi ziwa, ila mito yake inaingia Kagera na Kagera inamwaga ziwani, kwaiyo mimi naihesabu. Nimeandika kwa macho ya Mtanzania, ila Mkenya, Mganda au Mnyarwanda anaweza kuanzia kwake akaunganisha duara pale pale.

Kabla ya yote nikwambie jambo moja, hili ukilipuuza bora ubaki nyumbani uangalie picha: SAFIRI MCHANA TU. Mara ya kwanza nilipanda basi la usiku Kampala kwenda Kigali nikijiona mjanja naokoa hela ya gesti, nikaamka Kigali shingo imekakamaa na vilima vyote vya Kabale nimevipita gizani. Nililipa nauli ya kwenda kuona giza. Ilibidi nirudi mwaka uliofuata kuangalia nilichokipita.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Pasipoti. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanapita mipaka yao kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014, ndo maana utasikia watu wanasema "kitambulisho kinatosha". Wewe Mtanzania usitegemee kitambulisho cha NIDA, beba pasi. Visa hulipii popote kwenye mzunguko huu, unagongewa muhuri tu.
- Kadi ya njano, yaani ya chanjo ya homa ya manjano. Chomwa angalau siku 10 kabla ya safari, sababu kabla ya hapo kadi inahesabika haijaanza kazi. Na ukishachomwa ni ya maisha, ule utaratibu wa kurudia kila miaka 10 uliisha 2016.
- Hela taslimu kidogo, kadi ya benki, na dola chache za akiba ndani kabisa ya begi.
- Sweta. Nasema sweta kweli, sio shati la mikono mirefu. Bunyonyi iko mita 1,962 juu ya usawa wa bahari, usiku unatetemeka.
- Dawa zako, chandarua kama unalala gesti za bei ya chini, pawabenki, na kopi za pasi kwenye simu na kwenye karatasi.
- Begi moja la mgongoni. Ukiwa na sanduku la magurudumu kila boda atakuchaji kama bosi.

Wa pasi za Ulaya na Marekani, nyie mna mambo yenu: kuna visa ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda, dola 100, siku 90. Tanzania haimo, kwaiyo ukitoka nje ya zile nchi 3 imeisha kazi. Kwa njia hii ninayoeleza inakaa vizuri kabisa sababu unazipita zote 3 mfululizo ndo unarudi Tanzania. Tanzania yenyewe unaombea visa yake.

Bajeti: mtu wa gesti ya kawaida na mgahawa, weka 70,000 mpaka 100,000 za kwetu kwa siku pamoja na nauli, Kigali ongeza. Nauli sitaji maana zinabadilika, ukifika stendi uliza abiria wawili kabla ya kumuuliza konda.

Msimu mzuri ni Juni mpaka Septemba, au Januari na Februari. Masika barabara kubwa zinapitika maana ni lami, ila utaona ukungu tu.

Sasa safari yenyewe

1. Mwanza: amka mapema na uende stendi sahihi. Mabasi ya Musoma na Tarime yanatokea Nyamhongolo, ya Geita na Dar yanatokea Nyegezi, na hizi ziko pande mbili tofauti za jiji. Watu wanakosea hapa kila siku. Kama una jioni moja Mwanza shuka pale Kamanga uangalie jiwe la Bismarck jua likizama, au panda boti uende Saanane, ni hifadhi ya taifa iliyo ndani ya jiji kabisa.

2. Kaa dirishani upande wa KUSHOTO. Unazunguka kinyume na mshale wa saa, kwaiyo ziwa liko kushoto kwako safari nzima, iwe Tanzania, Kenya au Uganda. Isipokuwa kipande kimoja: ukishapita Lamadi, hamia kulia kama kuna nafasi. Hapo Serengeti inakuja mpaka pembeni ya lami, geti la Ndabaka unaliona kabisa, na ukiwa na bahati unaona nyumbu na pundamilia bure huku umeshika muhindi wa kuchoma. Mtu wa Ulaya anayalipia mamilioni hayo, wewe umelipa nauli ya Musoma.

Lala Musoma. Kama unapenda historia, toka Makutano uende Butiama kwa Mwalimu Nyerere, kuna makumbusho na kaburi lake, nusu siku inatosha.

3. Vuka Sirari asubuhi. Kutoka Musoma unapita daraja la Kirumi juu ya mto Mara, ndo huo huo mto wa nyumbu kwenye video, hapa umeshatulia unajiandaa kuingia ziwani. Alafu unapanda Tarime, hewa inabadilika ghafla, baridi na migomba.

Mpakani siku hizi kuna kituo cha pamoja: unatoka nchi moja na kuingia nyingine ndani ya jengo moja, na jengo lenyewe liko upande wa nchi unayoingia. Kosa la wanaoanza ni kupita dirisha moja, kuona muhuri, na kuondoka. Madirisha ni mawili, la kutoka na la kuingia, na mihuri ni miwili. Fungua pasi uhesabu kabla hujatoka mlangoni. Ukikosa wa kutoka, utakuja kujieleza Rusumo siku 10 baadae wakati umechoka.

Vijana watakukimbilia wakisema watakusaidia kugonga muhuri. Hamna msaada unaohitajika pale, foleni iko wazi. Na usipige picha mpakani, hata selfi.

4. Isebania mpaka Kisumu. Isebania ndo Sirari ya upande wa Kenya, hapo utaingia matatu au Probox mpaka Migori, alafu matatu nyingine kwenda Kisii na Kisumu. Probox ni ile ile mchomoko yetu, mnajazana kama dagaa, ukiona nyuma wameshakaa 4 na konda anasema "bado mmoja", subiri inayofuata.

Kisii angalia nje. Kila kipande cha mlima kimelimwa, chai, ndizi, miwa, hamna sehemu imebaki tupu, kijani mpaka macho yanauma.

Kisumu lala siku 2. Jioni nenda ufukwe wa Dunga, kula samaki, panda boti uangalie viboko kwa mbali, nimesema kwa MBALI, kiboko hana utani. Asubuhi chagua: msitu wa Kakamega, kama kilomita 50 kaskazini, kipande cha msitu wa mvua ule wa aina ya Kongo kilichobaki huku mashariki, mbega wanaruka juu ya kichwa chako; au Kit Mikayi, mawe yaliyopandana njia ya Bondo, maana yake kwa Kijaluo ni jiwe la mke wa kwanza. Sisi wa Mwanza tuliokulia kwenye mawe, nawashauri Kakamega.

Lugha ya samaki: sato huku anaitwa ngege, sangara ni mbuta, dagaa ni omena. Ukifika Uganda ngege anabaki ngege, sangara anakuwa mputa, dagaa wanakuwa mukene. Na hela ya Kenya: mbao ni shilingi 20, soo ni 100, thao ni 1,000. Usije ukasikia "mbao" ukaanza kutafuta fundi seremala.

5. Kisumu, Busia, Jinja. Njiani Maseno unavuka ikweta, kuna alama pembeni, gari halisimami ila chungulia. Busia utaratibu ni ule ule wa madirisha mawili.

Hapa ndo watu wanaliwa kwenye kubadilisha hela. Shilingi ya Kenya ndo nzito kuliko zote 4, inafuata faranga ya Rwanda, kisha yetu, ya Uganda ndo nyepesi zaidi. Kwaiyo ukitoa za Kenya chache unapokea za Uganda furushi, na kichwa kinazunguka, na hapo ndo jamaa anakupigia hesabu kwenye kikokotoo chake kilichochezewa. Piga hesabu kwenye simu yako kabla hujamfata, hesabu noti zake kwanza huku zako zikiwa bado mfukoni, na badilisha za kukufikisha Jinja tu. Zingine badilisha kwenye duka la fedha mjini.

Kosa lingine kubwa: Uganda "taksi" ni ile haisi ya abiria 14, daladala yetu. Ukitaka gari ya peke yako unasema "special". Rafiki yangu mmoja aliomba taksi ya kumpeleka hotelini akaingizwa kwenye haisi ikazunguka naye mji mzima na begi lake mapajani.

6. Jinja. Hapa nakaa sana kila nikija, nivumilieni. Ndipo Nile inapotoka ziwani, Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika mwaka 1862 akaandika ndo chanzo chake, wenyeji wakiwa wanaoga hapo miaka yote. Maporomoko aliyoyaona yeye, ya Ripon, hayapo tena, yalizama lilipojengwa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, siku hizi linaitwa Nalubaale. Unachokiona leo ni mto mpana unaotoka kimya kimya, na mahali pa chanzo maji yanachemka kidogo juu juu. Wengine wanasema "ni hapa tu?" Ndio, ni hapa tu, ila kaa nusu saa bila simu uangalie maji yanayoanza safari ya kwenda Misri.

Msidanganywe na picha za zamani za Bujagali. Yale maporomoko yalizama pia, bwawa lilikamilika 2012, mtu akikwambia anakupeleka Bujagali kuona maporomoko anakupeleka kuona maji yaliyotulia. Ukitaka Nile yenye hasira nenda Itanda, mbele zaidi, boda inafika, vumbi utalila lakini mngurumo unausikia kabla hujaona kitu. Usishuke kwenye mawe yenye unyevu.

Daraja jipya la nyaya lililofunguliwa 2018 ni zuri, ila picha piga kwa mbali na bwawa usipige kabisa, askari wanakuwa wakali.

Kuogelea ziwani Victoria mimi sikushauri, kichocho kipo, na sehemu zingine mamba. Kama umeingia na baada ya wiki kadhaa unajisikia vibaya, mwambie daktari kwamba uliogelea ziwani.

7. Jinja, Kampala, Kabale. Ukipita msitu wa Mabira basi litasimama Najjembe na madirisha yatajaa kuku wa mishikaki na gonja, ndizi tamu za kuchoma. Nunua gonja.

Kampala mimi nalala usiku mmoja tu, foleni zinanishinda. Kiswahili hapa kinapungua, wapo wanaokielewa ila hawapendi kukiongea, anza na "ssebo" kwa mwanaume, "nnyabo" kwa mwanamke, na "webale" kushukuru, utaona sura zinafunguka. Mabasi ya Kabale tafuta Kisenyi, ondoka saa 12 au saa 1 asubuhi maana ni zaidi ya kilomita 400.

Kayabwe unavuka ikweta tena, safari hii kurudi kusini. Kuna jamaa anaonyesha maji yakizunguka kushoto upande mmoja na kulia upande wa pili. Ni usanii mtupu, mkono wake ndo unazungusha, ikweta haina habari na beseni. Ila anafurahisha, mpe chochote.

Kuanzia Mbarara utaona ng'ombe wa Ankole wenye pembe kama matawi, na kuanzia hapo barabara inaanza kupanda mpaka masikio yanaziba.

8. Bunyonyi, lala siku 2 kama unaweza 3. Toka Kabale boda inakufikisha ziwani, kama kilomita 8. Visiwa 29, vilima vimekatwa ngazi ngazi mpaka juu, asubuhi ukungu unakaa juu ya maji alafu unanyanyuka taratibu kama mtu anavuta shuka. Hamna viboko wala mamba, ndo maana watu wanaogelea. Kodi mtumbwi wa gogo, ila jifunze kwanza karibu na ukingo, sababu ule mtumbwi kama huujui unazunguka pale pale kama pia ya watoto, nilicheka wenzangu na mimi nikachekwa.

Muulize mpiga kasia akuonyeshe Akampene, kisiwa kidogo chenye mti mmoja mmoja, ambako zamani Wakiga walikuwa wanawatelekeza mabinti waliopata mimba kabla ya ndoa. Na Bwama, kilichokuwa na kituo cha wakoma. Unaviangalia ukiwa kwenye mtumbwi huku pako kimya hivo, unaelewa kwanini wazee wa pale wanaongea kwa sauti ndogo wakivitaja.

9. Katuna, Kigali. Toka Kabale mpaka mpakani ni kama kilomita 22. Ukivuka, mambo matatu yanabadilika kwa mpigo.

Saa: Rwanda iko nyuma yetu saa nzima. Saa 4 asubuhi Katuna, upande wa Uganda, ni saa 3 Gatuna, upande wa Rwanda. Rekebisha ya mkononi, ya simu nayo ihakikishe.

Barabara: wanaendesha kulia. Ukivuka barabara kwa mazoea ya kwetu unaangalia upande sio. Angalia kote mara mbili.

Tabia: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, acha mpakani. Boda inaitwa moto, abiria mmoja, helmeti lazima, mshikaki wa kupakizana haupo kabisa. Mabasi ya jijini unalipia kwa kadi ya kugusa sio noti. Na Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi ni umuganda, nchi nzima iko kwenye usafi na kazi za jamii, usafiri unakuwa karibu hamna mpaka kuelekea mchana. Usipange kusafiri asubuhi hiyo.

Njia ya Gatuna kwenda Kigali inapita bonde la chai la Mulindi, chai bondeni tambarare kama zulia na vilima pande zote. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017 na Nyabugogo, stendi kuu ya Kigali, utasikilizana vizuri tu. Kumbukumbu ya mauaji ya kimbari pale Gisozi nenda asubuhi, na usipange kitu kingine siku hiyo.

10. Kigali, Rusumo, Mwanza. Ondoka Nyabugogo alfajiri. Rusumo unavuka Kagera juu ya daraja na maporomoko yako hapo hapo chini, sio makubwa ila maji ni mekundu ya udongo na yana nguvu. Mwaka 1994 watu kama laki 2 na nusu walivuka hapa ndani ya saa 24 hivi wakikimbia. Kumbuka ukivuka unapoteza saa moja uliyoipata Katuna, mimi niliisahau nikafika stendi nikiwa natabasamu kumbe gari la Mwanza limeshaondoka, nikalala Benaco, mji mdogo upande wa Tanzania, bila kupanga.

Ndo maana nakushauri lala Ngara au Benaco kwa hiari yako, asubuhi uchukue gari la Mwanza kupitia Biharamulo na Geita. Zamani mwisho wa safari ulikuwa ni foleni ya kivuko pale Busisi, masaa. Tangu Juni 2025 kuna daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, unavuka dakika chache. Kaa kushoto hapo pia.

Mambo yakienda mrama

*Umegundua muhuri mmoja haupo:* kama bado uko karibu, rudi mpakani siku hiyo hiyo ueleze kwa upole. Usilipe mtu wa nje anayesema "nitakumalizia".

*Umesahau kadi ya njano:* kuna mipaka hawaulizi na kuna siku wanauliza wote. Usicheze bahati nasibu, rudi uichukue au utumiwe kwa basi.

*Simu haina mtandao baada ya kuvuka:* washa romingi kabla ya kutoka kwenu, au nunua laini mpya kwa duka rasmi ukiwa na pasi. Pakua ramani za nchi zote 4 kabla, zitakuokoa Kampala.

*Gari limeharibika na jua linazama:* shuka na wenzako mji wa karibu, lala. Usipande lori la usiku eti kufidia muda.

*Una siku 6 au 7 tu:* kata Rwanda. Kutoka Kampala shuka Masaka mpaka Mutukula, lala Bukoba, alafu meli ya usiku kwenda Mwanza. Najua nilisema usisafiri usiku, ila meli ni kitu kingine, panda juu sitahani taa za wavuvi wa dagaa zikianza kuwaka, utadhani kuna mji umejengwa katikati ya ziwa.

*Tumbo limechafuka:* maji ya kuchanganya chumvi na sukari, pumzika siku nzima, ukiona homa kapime malaria palepale ulipo. Usisubiri ufike kwenu.